Nusu Gunia la Viazi, Kutoka Butembo Hadi Beni

Tulihama Butembo kwa sababu nilipata kazi. Naanza na hilo ili ninyi wa nyumbani Vuhovi, mliosikia kwamba nimemkimbia mama mkwe, msikie na upande wangu. Ghala moja la kakao huko Beni lilikuwa linatafuta mtu wa kukagua mbegu: kuzikata katikati, kutazama rangi, kunusa, na kusema kama zimechachuka vya kutosha na kukauka. Kazi hiyo nilikuwa naifanya Butembo kwa kuitwaitwa, leo ipo, wiki ijayo haipo. Beni ilikuwa ya kila siku. Mume wangu Kambale ni fundi wa kushona, na cherehani yake haichagui mji. Nyumba za katikati ya Beni zilitushinda bei, kwa hiyo tukapata moja pembezoni, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki hadi ghalani, yenye kiwanja kizuri cha kulima nyuma.

Furaha, binti yetu wa kwanza, alikuwa na miaka mitano. Joël ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika viti.

Siku mbili kabla ya safari, Mukaka alikuja. Mukaka ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao kwetu, na mimi nami humwita hivyo mama wa mume wangu. Alikaa, akakataa chai, na hapo nikajua kuna jambo, maana Mukaka hajawahi kukataa chai.

“Muende,” alisema. “Kazi ni kazi. Lakini Furaha anabakia na mimi. Mutoto wa kwanza analalaka kwa mukaka yake. Ni vile tunafanyaka.”

Hakuwa anasema uongo. Kambale mwenyewe alilelewa na bibi yake mpaka alipoota ndevu, na watu wengi mnaosoma hapa mlilelewa hivyo hivyo. Nilimtazama Kambale anisaidie. Kambale alikuwa anatazama viatu vyake.

“Mukaka, mutoto ataanza masomo kule,” nilisema.

Mukaka akatoka nje, akarudi akiburuta nusu gunia. Ndani mlikuwa na viazi vya mbegu, vile vya mviringo tunavyoviita mapomme, vimeshaanza kuchipua. Mukaka alizaliwa Luofu, kule kwenye baridi ya kusini, na mbegu hiyo ameitunza tangu alipoolewa.

“Bon. Mupande hizi. Noeli muniletee mavuno. Udongo ya kule ikikubali, mutoto ni wenu. Ikikatala, Furaha anarudia hapa.”

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Viazi tu? Mimi wa Vuhovi, niliyeshika jembe kabla ya kalamu? Kambale alinikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ni bahati mbaya. Baadaye aliniambia kwamba hakujua lolote kuhusu viazi. Alichojua ni kwamba mama yake hatoi kitu bure.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanzo wa Septemba, tuliondoka. Ukungu ulikuwa umelalia mji wote na baridi ilikuwa ile ya Butembo ya kufanya meno yagongane. Kila mmoja alivaa sweta, Furaha alivaa mawili. Kitanda, masufuria na cherehani viliteremshwa kwa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, mpaka kwenye lori la Fuso lililokuwa linatungoja barabarani. Mukaka alitembea nyuma ya chukudu akikohoa makusudi. Hakulia. Alimfunga Furaha kitambaa shingoni, akakikaza mpaka mtoto akalalamika, akanikabidhi gunia mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Saa mbili asubuhi tulikuwa Maboya. Shofa, dereva wetu, alikuwa ameshauliza wenzake waliotoka Beni hali ya njia, wakamwambia ni shwari, na tangu hapo akaanza kuimba. Mimi na watoto tulikuwa ndani mbele, gunia katikati ya miguu yangu; Kambale alikuwa juu ya mizigo akilinda cherehani. Tulinunua ndizi mbivu na parachichi. Jua lilikuwa limetoka, nikamvua Furaha sweta la kwanza.

Kabasha nikamvua la pili, nikavua na langu. Barabara huko inashuka, mikaratusi inapungua, migomba inazidi, na hewa inayoingia dirishani inakuwa ya uvuguvugu. Nilifurahi kama mtoto. Sikujiuliza hata kidogo kama viazi vilivyokuwa miguuni pangu vilikuwa vinafurahi pia.

Kwenye kizuizi kabla ya kuingia mjini, askari alichungulia dirishani. “Bokei wapi?” alituuliza kwa Kilingala. Nikamwambia tunahamia Beni. Akaonyesha gunia, nikalifungua. Alitazama viazi, akanitazama mimi, akacheka.

“Beni molunge, mama,” alisema, yaani Beni kuna joto, na akatufungulia njia. Nilidhani ananihurumia kwa sababu ya kitambaa kizito nilichojifunga.

Mchana tulifika nyumbani kwetu kupya. Pande zote za njia watu walikuwa wameanika kakao kwenye maturubai, na harufu yake ya uchachu ilinikaribisha kabla ya mtu yeyote. Hatujamaliza kushusha kitanda, jirani akaja na beseni la maji kichwani. Alikuwa Mama Kahindo, mwanamke mrefu mwenye asili ya Oicha, mwimbaji wa kwaya ya Kiprotestanti, mwenye sauti ya kufika mtaa wa tatu bila kujitahidi. Alitua beseni, akahesabu mablanketi yetu kwa kidole.

“Hizi zote ni za nini?”

“Za kulalia.”

“Bote bane?” aliuliza, akitutazama sisi wanne. “Mutaiva.”

Usiku ule tulilala juu ya mablanketi. Kesho yake asubuhi nikaanza kuchimba matuta. Mama Kahindo alisimama kwenye ua wa mimea ya miyenzi akinitazama kwa muda mrefu.

“Mama Furaha, uko napanda nini?”

“Mapomme.”

“Hapa? Utavuna majani, dada yangu. Hii udongo iko na moto. Panda karanga, nitakupa mbegu.”

Nilimwambia kwa adabu kwamba sisi wa Vuhovi tunaijua kazi hii. Lakini alileta mbegu za karanga hata hivyo, na kwa kuwa ni vibaya kukataa mkono wa jirani siku ya kwanza, nilizipanda pembeni, kule kwenye nafasi iliyobaki.

Miezi iliyofuata ilikuwa na mwendo wake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pikipiki ilinichukua mlangoni, nusu saa baadaye nilikuwa ghalani na kisu changu nikipasua mbegu za kakao, hamsini kwa hamsini, na jioni nilirudi nanukia kakao hata Joël akanilamba shavu. Kambale aliweka cherehani barazani na ndani ya wiki mbili alikuwa anashona sare za nusu ya mtaa. Furaha alianza shule. Alijifunza kupasua tunda la kakao kwenye jiwe na kufyonza ule utamu mweupe, na akajifunza kuimba kwaya ya Mama Kahindo kwa sauti ya Mama Kahindo. Mimi ni Mkatoliki wa kimya. Nyumba yangu sasa ina kelele za haleluya kuanzia alfajiri.

Na viazi vilistawi. Majani yalipanda mpaka magotini, ya kijani kibichi, sijaona majani kama yale hata Vuhovi. Nilipiga picha, nikaituma Butembo kwa simu ya shemeji yangu ili amwonyeshe mama yao. Jibu la Mukaka lilikuwa neno moja: “Tutaona.” Nililisoma kama kushindwa kwake.

Katikati ya Desemba, siku ya Jumapili baada ya misa, tulivuna. Furaha alikuja na kapu. Niling'oa shina la kwanza: mizizi. La pili: mizizi na kitu kama punje ya mahindi. Nilifukua matuta yote, kwa jembe, kisha kwa mikono, kisha kwa mikono tena. Mwishoni Furaha alihesabu kwa sauti viazi vilivyokuwa kapuni, na havikupita tisa, kikubwa kati yao kikitoshana na yai la njiwa.

“Vizuri, mama,” alisema. “Ni vidogo kama sisi.”

Nilikaa chini kwenye tuta. Niliogopa kweli. Neno nililotoa kwa majivuno yangu lilikuwa linamchukua mtoto wangu, na huyo mtoto alikuwa amesimama mbele yangu akipangusa viazi kwa gauni lake. Mama Kahindo aliona yote kutoka ng'ambo ya ua na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu. Aliingia, akachuchumaa, akaanza kung'oa karanga zangu za pembeni. Shina la kwanza lilitoka limejaa mpaka likakatika. Tulijaza ndoo mbili.

Siku ya Alhamisi nilitoka kazini mapema, nikapita sokoni, nikanunua ndoo ya viazi vizuri, vikubwa, vyekundu. Kambale alivitazama.

“Hizi zimetoka Lubero, kule kwa baridi,” alisema. “Zimepita mbele ya nyumba ya mama zikikuja hapa.”

“Basi tutazirudisha.”

“Mama atajua.”

“Atajua vipi? Viazi havina jina.”

Alinikunjia sweta langu, akaliweka juu ya mfuko.

Siku mbili kabla ya Noeli tulipanda kurudi Butembo. Kabasha tulivaa sweta la kwanza, Maboya la pili. Furaha alivikumbatia viazi vyake tisa kwenye kifuko cha kitambaa alichoshonewa na baba yake, akaapa kwamba hakuna atakayevigusa ila Mukaka. Ndoo ya sokoni ilikuwa nyuma, imefunikwa na khanga, kando ya mfuko wa karanga zangu.

Saa sita mchana tulikuwa nyumbani kwa Mukaka. Alimkumbatia Furaha, akampima urefu kwa mkono, akamshika Joël ambaye sasa alikuwa anakimbia. Kisha akakaa. Nikaweka ndoo mbele yake na kuondoa khanga. Mukaka alichukua kiazi kimoja, akakigeuza, akakwangua kwa ukucha wa kidole gumba udongo mkavu uliokuwa umeganda kwenye jicho lake. Akaunusa udongo ule. Mimi ninayekula kwa kunusa mbegu za watu nilimwona akifanya kazi yangu, tena kunishinda.

Sikungoja aseme.

“Mukaka, nilizinunua,” nilisema. “Zetu ni zile ziko na Furaha. Udongo ilikatala. Nilikudanganya, na niko na haya.”

Furaha akamwaga viazi tisa mapajani mwa bibi yake, akaanza kumweleza kila kimoja kilitoka tuta gani. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Kambale alisimama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamsikia akimkabili mama yake.

“Mama, mutoto hatabakia,” alisema.

Mukaka hakumtazama. Alikuwa anatazama viazi vile vidogo.

“Baba yenu alipandaka hizi kule Beni,” alisema polepole. “Kabla wewe hujazaliwa. Masezo mbili za kulima. Alivuna majani. Nilijua. Nilimupa muke yako kazi yenye haiwezekane, juu nilitaka mutoto. Donc na mimi nilidanganya.”

Tulitazamana, mwongo na mwongo. Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba Mukaka alicheka mpaka akashika mbavu na viazi vikaanguka, na Furaha akatugombeza wote wawili kwa kutupa mavuno yake.

Jioni ile alivichemsha vinane na maganda yake, kila mtu akapata chake kidogo, na ndoo ya sokoni tukaila siku zilizofuata. Kimoja Furaha alikataa kisipikwe. Karanga zangu Mukaka alizikaanga, akatafuna, akauliza mbegu nilipata wapi. Nilimweleza habari za Mama Kahindo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Huyo nataka kumuona.”

Baada ya Noeli, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulipanda gari tukiwa watano. Mukaka alikuwa amevaa masweta matatu na koti la marehemu mumewe. Maboya alivua koti. Kabasha alivua sweta la kwanza na la pili, akayakunja vizuri magotini. Kwenye kizuizi alibaki na gauni, akijipepea kwa kitambaa cha kichwa. “Ndiyo hii moto ilikula mapomme yangu,” alisema.

Nilichojifunza nakisema wazi kwenu wa nyumbani: ukihamia mahali, muulize kwanza jirani. Na mzazi anayekuwekea sharti gumu, mkaribishe kwanza, sharti mtalizungumza mkiwa mmekaa. Ningefanya hivyo Septemba ningeokoa machozi mengi na ndoo moja ya viazi.

Mukaka alikaa kwetu mwezi mzima, akiimba na Mama Kahindo nyimbo ambazo padri wetu hazijui. Asubuhi ya kwanza aliomba jembe, akaenda moja kwa moja kwenye tuta langu la mwisho. Aligusa udongo, akaona bado una moto, akaweka jembe chini. Alimwita Furaha alete kile kiazi alichokataa kisipikwe, akakipokea, akakifunga kwenye ncha ya kitambaa chake.

“Hii nitaipanda kwangu, fasi ya baridi,” alimwambia. “Vacances kubwa ya masomo ikifika, utakuja kuivuna wewe mwenyewe. Kisha utarudia hapa.”