Tumbo Lililofukiwa Uani

Nakumbuka siku niliyoua viumbe wengi kuliko watu wote wa mkoa huu, na sikumwona hata mmoja. Sikushika panga wala sumu ya panya. Nilishika fagio, ndoo ya maji na pakiti ya sabuni ya unga.

Mwanangu, kaa nikueleze kwa mpangilio, maana jambo likisimuliwa ovyo hufundisha ovyo.

Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujaisha, hapa hapa Bagara. Mume wangu, Daudi, alikuwa mwalimu wa shule ya mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake. Majirani walimwita Mama Daudi, mimi nikamwita Mama tu. Yeye alizaliwa juu huko Mbulu, kwa watu waliolala nyumba moja na ng'ombe wao ili joto la mifugo liwapashe wote. Kwake mavi ya ng'ombe hayakuwa uchafu, yalikuwa mali. Mimi nililelewa katika nyumba za watumishi, baba yangu karani, na kwetu hata inzi mmoja aliitwa aibu.

Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Miaka arobaini ya kuinamia mafiga ilikuwa imemkaa ndani ya mapafu, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea na moshi, asitegemee dawa. Ndiyo maana alijenga mtambo wa biogesi, wa kwanza katika mtaa wetu. Ng'ombe wake wawili walikaa zizini juu ya sakafu ya saruji iliyoinama kidogo, na kila kilichodondoka kiliteremka hadi kwenye shimo dogo la kuchanganyia. Pale tulikoroga mavi na maji, ndoo kwa ndoo, kisha uji ule ukaingia chini ya ardhi, ndani ya tangi la tofali lenye umbo la chungu kilichofunikwa. Juu ya chungu palitoka bomba lililokuja mpaka jikoni. Upande wa pili lilitoka tope lililokwisha kazi, nalo likaenda kwenye migomba.

Majirani walitucheka sana mwanzoni.

"Mama Daudi, makande ya leo yana ladha gani? Ya ng'ombe mweusi au mwekundu?"

"Njoo uonje," Mama alijibu. "Wewe wa kuonja moshi utajulia wapi ladha?"

Mimi nilikuwa na swali langu. Kila asubuhi nilitazama moto ule wa buluu, usio na moshi wala masizi, na nikashindwa kuelewa. Mavi yalikuwa baridi, yalikuwa maji. Moto ulikuwa umejificha wapi? Siku moja nilimuuliza Fundi Bura, aliyetujengea mtambo. Akaniambia, "Humo chini mna ng'ombe mwingine, ila huyu hana pembe." Nilicheka, naye akacheka, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Sikuuliza zaidi. Wazee husema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kwamba kuna anayeuliza na kuridhika na mzaha. Mimi nilikuwa huyo.

Basi ujauzito wangu ulipofika mwezi wa saba, shangazi yangu akaleta habari kwamba atakuja Jumapili kunitazama. Shangazi huyu, mwanangu, alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya kabati la watu na kukitazama. Nilijua ataliona zizi, na atarudi kwetu kusema nimeolewa kwenye mavi. Jumamosi, Mama alipokwenda sokoni, niliingia zizini. Nikamwaga pakiti nzima ya sabuni, nikaongeza na dawa ya kuulia vijidudu iliyokuwa chooni, nikasugua mpaka saruji ikang'aa. Povu jeupe likateremka kwenye shimo, na kutoka shimoni likaingia chini. Niliona linakwenda. Nilifurahi kwamba sikuhitaji kulizoa.

Shangazi alikuja, akala, akasifu. Kumbuka hilo: Jumapili moto uliwaka vizuri.

Jumatano moto ulianza kuwa na rangi nyepesi na kuruka juu ya jiko kama unaotaka kuondoka. Ijumaa ulikataa. Nikiwasha kiberiti gesi ilikipuliza, kikazima. Cha ajabu, gesi ilikuwepo. Ukutani tulikuwa na mpira mwembamba wenye maji, kipimo chetu: maji yakipanda, gesi imejaa. Na maji yalikuwa yamepanda juu kabisa. Chungu kimejaa, lakini hakipiki. Hapo nikalikumbuka povu.

Sikusema.

Mama alirudi kwenye mafiga. Nilipotaka kuchochea mimi alinifukuza. "Mama kijacho, toka hapa. Mtoto hajazaliwa, unataka kumfundisha kukohoa?" Akainama yeye. Nilikaa chumbani nikimsikiliza. Kikohozi chake kilikuwa kinaanza chini, kinapanda, kinanyamaza, kisha kinaanza upya kabla hajavuta pumzi. Kila kikohozi nilijua ni changu.

Fundi Bura alikuja Jumamosi. Kwanza, kwa mazoea ya kazi, alitafuta kama bomba linavuja, ingawa kipimo kilikuwa juu, na unajua wanatafutaje? Alikoroga sabuni kwenye kopo akapaka povu kwenye kila kiungo, ili pakitoka hewa povu litokote. Nilipoona lile povu nilitazama pembeni. Alipaka kuanzia jikoni mpaka uani, akiwa amelala kifudifudi kwenye vumbi. Hakuna kilichotokota. Akarudi Jumatatu, akapaka tena. Hakuna. Jumanne alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakuna kichwa.

"Mama Daudi, limebaki moja. Tulimwage tangi lote, likauke na kupata hewa safi, ndipo niingie kutafuta ufa. Kuanza upya mpaka liwake, hesabu miezi miwili."

"Miezi miwili," Mama alisema, na akakohoa kabla ya kumaliza.

Jioni ile ile, jua halijazama, nilimkuta ameshika ukuta wa jiko la nje kwa mkono mmoja, mwiko uko chini, machozi yanamtoka kwa moshi. Nikaona kwamba nikinyamaza tena, aibu yangu itamla mtu. Mficha uchi hazai, mwanangu, nami nilikuwa karibu kuzaa.

"Mama, asilimwage tangi. Ni mimi," nikasema. Nikamweleza sabuni, dawa ya choo, shangazi, povu, vyote.

Alinitazama. Akafuta macho kwa kanga. Nilingoja maneno makali, na yangekuwa halali yangu.

"Pakiti nzima?"

"Nzima, Mama."

"Kwa ajili ya shangazi?"

"Ndiyo, Mama."

Akaanza kucheka, cheko likageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa cheko, mpaka akaketi. "Sasa subiri. Na mimi nina langu."

Wiki ile ile ya ujio wa shangazi, ng'ombe mwekundu alikuwa ameugua kiwele. Bwana mifugo akamdunga sindano siku tatu, na akaonya kwamba maziwa yake yasinywewe na mtu wala ndama mpaka dawa imtoke. Mama hakuwa mtu wa kumwaga maziwa. Kila asubuhi na jioni alikamua, akatazama huku na huku, akayamimina kwenye shimo la kuchanganyia. "Nikasema, angalau yapike chai," alinieleza. "Moto ulipokufa nikajua ni mimi. Nikaona aibu kukuambia, maana ndimi niliyekuwa nakukemea kwa kupoteza vitu. Tumemwacha mwanamume wa watu apake sabuni uani kwangu siku mbili, kila mmoja amejifungia na siri yake!"

Asubuhi tulimwita Fundi Bura tukamwambia, wote wawili, kwa zamu. Hakukasirika. Alikwenda upande wa tope linalotoka, akachota kwa kijiti, akanusa, akatupa tulinuse. Tope la mtambo mzima halina harufu kali. Letu lilikuwa chachu, kama togwa iliyosahauliwa.

"Mtambo wenu una kiungulia," akasema. Na siku hiyo, mwanangu, sikukubali mzaha. Nilimwambia akae anieleze mpaka nielewe, na nitakupa kama alivyonipa.

Humo chini, gizani, kusikoingia hewa, mnaishi vijidudu vya aina nyingi, lakini vigawe katika makundi mawili. Kundi la kwanza hula mavi na kutoa uchachu. Kundi la pili hula uchachu ule na kutoa gesi inayowaka. Wa kwanza ni wagumu na huzaana upesi. Wa pili ni wapole, hufa kwa jambo dogo na kuzaana polepole. Ni wale wale walio tumboni mwa ng'ombe. Walitoka naye, wakahamia chini ya ua, wakaendelea na kazi. Ukiwaua wapole, wagumu huendelea kula. Uchachu hujaa, na hewa inayopanda ni ile isiyowaka, kama pumzi unayotoa puani. Ndiyo maana kipimo kilionyesha kujaa na jiko likakataa. Kumbe ng'ombe asiye na pembe hakuwa mzaha.

Hakulimwaga tangi. Tulisimamisha kulisha, tukaitoa hewa mbovu nje mbali na moto, kisha tukaenda Nangara kwa mtu mwenye mtambo mzima, tukaomba tope lake hai. Tulilileta kwa mkokoteni, ndoo zimefunikwa kwa majani ya mgomba, tukalimimina ndani kama mtu anayepanda mbegu. Tukalisha kidogo kidogo. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili moto ulishika, ukatetemeka, ukazima. Ya tatu Mama aliwasha kiberiti mwenyewe, moto ukasimama, wa buluu, mpaka maji ya chai yakachemka. Kikohozi chake kilipungua mwezi ule. Hakikuisha, moshi wa miaka mingi hauishi, lakini alianza kulala mpaka asubuhi.

Siku ile ya chai ndipo aliponipa maneno ninayokukabidhi leo. Alisema: "Binti, kuosha hukukosea. Ulikosea kuosha bila kuuliza maji yanamwangukia nani. Na mimi nilikosea kukuzidi, maana nilijua maziwa yale hayafai kunywewa, nikadhani asiyeonekana hana tumbo. Toka leo, kabla hujagusa chombo chochote kinachokupa moto, uliza mambo mawili. Kinakula nini? Na kinakunya wapi?"

Nimeuliza hivyo maisha yangu yote, mwanangu, na swali hilo limenifungulia mengi. Paneli iliyo juu ya bati langu nilidhani inakula joto. Nikauliza, nikaambiwa inakula mwanga, na joto likizidi inachoka kidogo, hivyo jua safi la asubuhi ya baridi ya Julai inalipenda kuliko tunavyodhani. Vumbi la kiangazi juu ya kioo chake ni njaa kwake. Kitambaa chenye maji ndicho chakula tunachoirudishia. Umeme wa bwawa unakula uzito wa maji yanayoanguka kutoka juu. Mvua ikikosa, wenye bwawa wanalala na njaa hata kama mashine ni mpya. Kinu cha upepo kinakula mwendo wa hewa, na upepo haupangiwi ratiba. Hakuna moto wa bure. Kila taa ina mlisho wake, na kila mlisho una mchungaji. Hata betri ya paneli, ikifa, tumbo lake lina tindikali na risasi, madini yenye sumu. Nimeona kijana akiipasua kando ya mfereji wa maji, na nikamsimamisha kumuuliza lile swali la pili.

Basi shika haya. Usiridhike na jibu la mzaha. Rudi uulize mpaka jambo likae mkononi. Usiyemwona anaweza kuwa ndiye anayekupikia, kwa hiyo chunga unachommwagia. Ukiharibu, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajalipa kwa mapafu yake, maana kosa lililosemwa lina fundi, lililofichwa lina mgonjwa. Na ukiletewa kosa na mwenzako, tafuta kwanza la kwako kabla hujafungua mdomo.

Mungu akupe macho ya kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Akupe nyumba yenye moto safi, na watu wa kuuota pamoja nawe bila siri. Akulindie pumzi yako, na pumzi ya anayekupikia.

Nani hasa aliua, sijui. Fundi Bura alisema pakiti moja ya sabuni ni kidogo kwa tangi kubwa kama lile, ila ile dawa ya choo hakuwa na uhakika nayo. Kuhusu maziwa ya sindano alisema huenda, na huenda ni vyote vilipokutana. Niliwahi kumuuliza hata bwana mifugo, naye akasema hawezi kuapa. Mama alikaa nami miaka mingine mingi, na kila mgeni alipouliza habari ya mtambo alisema ni maziwa yake. Mimi nilisema ni sabuni yangu. Tulibishana hivyo mpaka alipofariki, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake lile kosa.