Bendi Niliyoikuta Mlangoni pa Hoteli

Jamani, mimi ni mpiga video za harusi, mtaani Langoni. Juzi bendi ya Nairobi inayopiga metali, ule muziki mzito wa magitaa, ikanipa kazi ya kuwapiga video ufukweni Shela. Sikuujua, nikashinda mtandaoni nikijifunza: nywele ndefu, fulana nyeusi, vichwa kutikiswa, waimbaji kunguruma.

Asubuhi, mlangoni pa hoteli tulipopatana kukutana, nikawaona wanaume wawili wa namna hiyo hasa. "Karibuni, tuanze!" Wakanifuata mchangani.

"Tikiseni vichwa! Ngurumeni!"

Maskini, wakanguruma mpaka mmoja akapaliwa.

Nyuma yangu msichana wa buibui, gitaa mgongoni, wenzake kando yake, akasema kwa upole, "Samahani kaka, bendi ni sisi."

Nikawageukia wale wanaume. "Kwani nyinyi ni nani?"

"Wageni wa hoteli tu," mmoja akajibu akihema. "Tulidhani ndiyo mazoezi ya viungo ya asubuhi ya hoteli."