Hakuna Kitu Ndani

Ninafundisha informatiki huko Muheto, Masisi, na kwa miaka mingi niliifundisha kwa chaki. Nilichora kibodi ubaoni, wanafunzi wakabonyeza madaftari yao. Kwa hiyo nilipogundua kwamba kompyuta iliyozeeka hufufuka ukiifuta na kuiwekea mfumo mwepesi wa Linux, niliota pembe. Nikawa nazunguka na fleshi yangu mfukoni, nikifufua mashine za watu kama mhubiri wa kampeni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamharibu katibu wa parokia ya kwetu, Pinga, ambaye sote tunamwita Papa kwa heshima. Mzee huyo alikuwa na daftari la majina ya watu wetu waliokufa katika miaka ya kukimbiakimbia vita, yanayosomwa kila Novemba kwenye misa ya marehemu. Wengi wao hawana kaburi, kwa hiyo kusomwa ndiko kuzikwa kwao. Baba yangu yumo. Nikamwambia Papa kwamba daftari ni mambo ya kizamani, chakula cha mchwa, ayatie majina kwenye kompyuta. Aliyaandika kwa vidole viwili, miezi mingi. Na kwa kuwa aliniamini, karatasi za daftari alimpa mke wake afungie mandazi.

Oktoba nilikwenda kumrahisishia ile mashine, maana kuwaka kwake kulichukua rozari nzima. Nilishinda kutwa juu ya pikipiki, matope hadi magotini, na kila bariera, yaani kizuizi cha wenye bunduki njiani, swali lilikuwa moja: kuko nini mu mufuko? Nilijibu kama baba alivyonifundisha kabla sijajua hata kusoma: hakuna kitu. Kwetu jibu hilo tunalitoa kama salamu, bila kufikiri.

Nilifika, nikanywa chai, nikachomeka fleshi. Skrini ikaniuliza kama nifute diski yote. Mimi ni mtu makini, nikamgeukia mwenye mashine.

"Papa, mu hii ordinatere kuko kitu ndani?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Kabisa?"

"Hakuna, nakuambia."

Nikajua majina ameshayaweka mahali pengine, nikabonyeza. Baada ya nusu saa mashine iliwaka kabla sijamaliza kukohoa. Nikamwita aje ashangae. Akavaa miwani, akatazama skrini safi kabisa, akatazama tena.

"Sasa ile majina ya benye kufa iko wapi?"

"Papa, si nilikuuliza!"

"Uliniuliza kama vile ba bariera banaulizaka. Njo nikajibu vile tunajibuka."

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa mahali pa kushikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa jibu lile mara tano siku hiyo hiyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya misa ya marehemu. Jumapili, baada ya misa, Papa aliwatangazia watu waje kutaja wafu wao upya, na kwa wema wake hakusema ni nani aliyewafuta. Walipanga foleni, mimi nikaandika. Walibishana, wakasahihishana. Mama mmoja alitaka kumwongeza shemeji yake aliye hai, kwa kuwa hajapiga simu tangu ahamie Goma. Mashine ilikwenda mbio ajabu, na hakuna aliyeisifu.

Kisha wakabaki wale wasio na mtu wa kuwataja. Hao Papa aliwatoa kichwani, macho kayafumba. Kulikuwa na familia moja ya upande wa msitu, mama na watoto wanne. Alimtaja mama, akataja watoto watatu, akafumbua macho.

"Wa mwisho alikuwa mudogo sana," alisema. "Jina yake niliandika miye mwenyewe, kwa hii mikono."

Hakulikumbuka. Tukaacha mstari mtupu. Mstari ule ni kazi yangu, na hakuna mfumo wowote mwepesi utakaonirahisishia.

Siku ya misa Papa alisoma orodha yote. Alipofika penye mstari ule alinyamaza kwa muda wa jina moja, kisha akaendelea.

Kesho yake nilirudi Masisi na nakala ya orodha kwenye fleshi, ndani ya soksi. Kwenye bariera ya kwanza kijana mwenye bunduki aliupapasa mfuko wangu.

"Kuko nini?"

Baba yangu alikuwa mstari wa kumi na moja, chini ya unyayo wangu wa kushoto.

"Hakuna kitu," nilisema.