Mjerumani Kiziwi na Nyimbo za Shangazi

Nilipokuwa nasomea ualimu kwenye misheni moja karibu na Iringa, katika miaka ya hamsini, nilimpenda mwanamume aliyekwisha kufa zamani. Alikuwa Mjerumani, mtunzi wa muziki, na nywele zake zilisimama kama za mtu aliyepeta ngano kwenye upepo. Nilimwona kwenye picha, katika kitabu cha sista aliyetufundisha kinanda.

"Huyu alitunga muziki wake mkubwa akiwa kiziwi," alisema sista.

"Kiziwi kidogo?"

"Kiziwi kabisa."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Mtu anaungaje mchuzi asioweza kuuonja? Nikaacha kuchana nywele, wenzangu bwenini wakaniita Bi Mjerumani. Mwisho nikaona heri nijaribu mwenyewe. Siku ya mazoezi ya kwaya nilijaza sufi masikioni nikapiga kinanda kwa moyo wote, macho nimefumba. Nilipoyafumbua, waimbaji walikuwa wameshakaa, wanacheka huku wameegemeana mabega, na sista amesimama mbele yangu, mdomo wake unakwenda bila sauti. Nikachomoa sufi.

"...wimbo una beti tatu tu!" alikuwa akisema.

Likizo ilipofika, baba alinituma Mbeya nikamsaidie dada yake kuvuna viazi. Shangazi aliolewa huko, kwenye vilima vya juu ya mji. Zamani alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi, wanamfuata hata watu wa mbali, mpaka homa kali ilipomziba masikio. Hayo niliyajua tangu utoto, lakini ni ndani ya basi, tumeshaipita Makambako, ndipo nilipostuka: kumbe kiziwi wangu ninaye!

Sikungoja hata viatu vikauke matope. Nilichukua mkaa nikaandika kwenye mlango wa jiko: UKIIMBA UNASIKIA NINI?

Shangazi alisoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa kusoma katekisimu. Akarudi kwenye viazi vyake.

"Nasikia," alisema, kwa ile sauti yake ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Wanawake wote niliokuwa nikiimba nao wamo humu kichwani. Hata marehemu. Kazi ni kuwanyamazisha."

Nikamwandikia habari za Mjerumani, mlango ukajaa.

"Alikuwa na mke?"

Nikatikisa kichwa.

"Maskini. Viazi alimenyewa na nani?"

Kisha, bila kuombwa, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa harusi niliokuwa sijapata kuusikia. Aliutunga baada ya ile homa, akakaa nao, maana alipojaribu kuimba mbele za watu aliwaona wakizibana mbavu. Ni kweli sauti yake iliteleza, ikapanda pasipopandwa, lakini wimbo wenyewe ulikuwepo, umenyooka. Nikaomba arudie. Nikauandika kwa do-re-mi kwenye karatasi iliyofungiwa sukari.

Jumamosi iliyofuata binti wa jirani alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimeshawafundisha wanawake wa pale ule wimbo, jioni mbili, nyumbani kwa mama wa bibi harusi. Shangazi hakuambiwa. Waliposimama uani wakaanza, aliendelea kupakua wali, mgongo amewapa. Nikamgeuza kwa mabega.

Aliitazama ile midomo. Akaona maneno yake yanatoka kwa watu. Mwiko ukabaki hewani, wali unadondoka, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Nami nililia. Halafu akaitazama miguu yao.

"Mbona mnakokota!" akapiga kelele. "Huyu anaolewa au anazikwa?"

Akaingia mbele yao, akapiga makofi, na wote wakamfuata. Hakuna aliyecheka, isipokuwa kwa furaha.

Niliporudi chuoni niliandika habari zake kurasa nyingi, na sijaacha kuandika tangu hapo. Muziki wa yule Mjerumani niliusikia baadaye sana, kwenye gramafoni ya mwalimu mmoja pale Iringa mjini. Nilitazamia kitu cha upole, cha huzuni. Ukapasuka kama mvua ya mawe kwenye bati, nikaruka kutoka kitini. Nilimwomba mwalimu aurudie tangu mwanzo.