Nati Hukazwa Upande wa Mkono wa Kula

Harufu ya rangi ya kucha, ile ambayo kwetu tunaiita vernis, haina undugu na harufu ya mazout, yaani dizeli, wala ya unga wa muhogo. Lakini katika kibanda cha baba yangu, Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, harufu hizo tatu zilikaa pamoja kila asubuhi kama wapangaji wa nyumba moja. Kwanza ulikukuta uchachu wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa, hata kabla hujaufikia mlango. Kisha mazout, nzito, iliyong'ang'ania nguo zetu hata baada ya kufuliwa na kuanikwa juani. Halafu, juu ya yote, ule ukali mtamu wa kichupa chekundu cha mama. Mpaka leo, wanapopita sokoni vijana wanaopaka wanawake rangi, wakigonganisha vichupa vyao ili wasikike, mimi siwazi kucha. Ninawaza nati.

Kabla ya kununua mashine ya kusaga, baba alikuwa amefanya kazi kwenye reli ya Ubundu, na huko alijifunza jambo moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka: chuma kinachotetemeka hakilali. Mashine yetu ilikuwa na moteur, yaani injini, ya kuwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, na kinu chake kilivutwa na mkanda mrefu. Vyote viwili vilifungwa kwa bolti juu ya boriti za mti mgumu. Ikianza kunguruma, mabati ya kibanda yaliimba, na ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta, sahani za mama zilitembea taratibu kwenye rafu mpaka ukingoni. Nati nazo zilitembea hivyo hivyo, unywele kwa unywele, bila mtu kuziona. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo baba alikuwa na mbinu zake. Chini ya nati aliweka pete ya chuma iliyokatwa na kupindwa kidogo, inayosukuma kama springi. Juu ya nati ya kwanza alikaza ya pili, ndugu amshike ndugu. Alipokosa ya pili alizungusha uzi uliochomolewa kwenye gunia katika meno ya bolti, kisha akakaza juu yake kwa nguvu zake zote.

Mwisho wa yote alimwita mama. Mama alikuja na kichupa chake, akainama na kitenge chake kizuri katikati ya vumbi la unga, akavuta mstari mmoja mwekundu kuanzia kwenye kichwa cha nati, ukateremka ubavuni, ukaishia kwenye chuma cha chini. Mstari ukiwa mzima, nati imelala. Mstari ukikatika na vipande vyake kupishana kidogo, nati imetembea. Na kama rangi imekwanguliwa kwenye pembe za nati, hapo si mtetemo tena, ni mkono wa mtu. Hata skrubu ndogo za kifuniko cha mazout zilipakwa, maana mazout ina marafiki wengi wa usiku. Jirani zetu walicheka. "Mama Véro, moteur yako inaenda harusi?" Mama alijibu bila kuinua kichwa: "Inaenda, na wewe hatukukualika."

Mimi ndiye Véro, mzaliwa wa kwanza. Baada yangu alikuja Fabien, kisha Rosette, mdogo wetu aliyekula kwa mkono wa kushoto na kukemewa na shangazi zetu kila walipokuja. Baba hakumkemea. Alitufundisha sote watatu kushika spana, na somo lake lilikuwa fupi: "Nati inakazwa upande ya mukono ya kula. Upande ingine inafunguka. Basi, masomo imeisha."

Baba aliugua katika msimu wa mvua, akatutoka. Mama hakuumaliza mwaka baada yake. Ndipo lilipokuja tanga la pili, watu wamejaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima, wanawake wa ukoo wa mama wamepanda na mtumbwi kutoka Isangi, nyimbo za kanisa asubuhi na jioni. Kila aliyeingia alitushika mabega na kutuambia neno lile lile la Kilingala ambalo mji mzima hulitumia kwenye msiba: kanga motema. Maana yake ni funga moyo, jikaze, vumilia. Nililisikia mpaka likapoteza ladha kama muwa uliotafunwa. Rosette alikuwa amekaa mapajani mwangu, macho makavu, akimwangalia kila msemaji mdomoni kwa makini sana. Nilidhani ameelewa.

Tanga lilipoisha, wakubwa wa ukoo walikaa chini ya paa la kibanda chetu kutugawa. Sisi wenyewe tulikuwepo, tumesimama ukutani. Tonton Achille, mdogo wake baba, ndiye aliyesema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Fabien angekaa kwake. Rosette angekwenda Isangi kwa dada yake mama. Mimi ningepelekwa kwa shangazi aliyekuwa akitafuta msichana wa kumsaidia nyumbani. Mashine ingepakiwa kwenye treni na kuuzwa Ubundu.

"Tonton," nikasema, na sauti yangu ilinishangaza mwenyewe, "mashine iko nasaga. Mimi najua kuishika. Tuache hapa sisi watatu."

"Mutoto mwanamuke na moteur?" akasema shangazi mmoja, na wengine wakacheka kwa huzuni.

Tonton Achille hakucheka. Akasema: "Bon. Tutaona. Lakini hii kitu inatetemeka kama mutu ya homa. Siku moja ikiachana tu, alors, mimi nabeba yote, mashine na batoto. Sitaki kuzika mutu mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoacha shule. Hakuna aliyenifukuza, asubuhi ile wenzangu walipokwenda na sketi zao za buluu, mimi nilikwenda kibandani. Ninaukumbuka msimu ule wa kiangazi kuliko mingine yote ya utoto wangu, na ajabu ni kwamba ninaukumbuka kwa furaha. Fabien alizungusha mkono wa chuma kuwasha moteur, akining'inia karibu azunguke nao. Mimi nilimimina muhogo na kuusikiliza mlio. Rosette alifagia unga uliomwagika na kuwatambua wateja kwa mabeseni yao. Tukisimama mchana kula, tulikuwa weupe nyusi na kope kama wazee watatu, na tulichekana kwa hilo. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nilizunguka mashine na kugusa kila nati kwa kidole, nikifuata mistari ya mama. Kichupa chake nilikitunza kama watu wanavyotunza dawa. Rangi ilipokuwa nzito niliiongezea tone la petroli, ikaharibika kidogo, nikaendelea kuitumia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sikuwa na matofali.

Kisha, asubuhi moja ya siku ya soko, niliamka nimechelewa, wateja wamekwisha kupanga mabeseni, nikawasha bila kugusa nati. Moteur ilianza vizuri. Mama mmoja wa Yanonge alikuwa akinisimulia bei ya samaki wa kukaushwa, nami nikasikia ndani ya mlio kama mlango mwingine ukifunguka, sauti pana isiyo na mahali pake. Moteur ilicheza upande. Mkanda uliruka, ukachapa ukuta wa mabati kwa kishindo, ukaanguka kama nyoka aliyeuawa. Watu wakakimbilia nje, mabeseni yakapinduka. Fabien alifunga mazout, moteur ikazimika. Hakuna aliyeumia, lakini yule mama wa Yanonge alikuwa ameketi chini nje, kichwa na mabega vimejaa unga, akisema: "Yesu, Yesu, Yesu." Lubunga si mahali pa kuficha kishindo. Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimekwisha kumfikia tonton.

Nilipiga magoti nikaangalia. Nati mbili za mbele zilikuwa zimelegea kabisa, zile za pili juu yake ziko karibu kuanguka. Mistari haikuwa imepishana kidogo. Ilikuwa imeondoka mahali pake kabisa, na kwenye pembe za nati rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa. Huo haukuwa mtetemo. Mtu alikuwa ameshika spana. Nikakumbuka kwamba jana yake tonton alikuja "kusalimia moteur," akaizunguka peke yake mikono mgongoni wakati mimi nikipima unga nje. Niliona ni yeye. Nilikaza nati, nikapaka mistari mipya, nikawaambia wadogo zangu wasimwambie mtu lolote. Chungu cha wali kiliungua jioni ile na hakuna aliyelalamika.

Alfajiri niliamka kwa sauti ndogo ya chuma. Kweupe kulikuwa kumeanza kuingia kwenye matundu ya mabati. Nilivuka uani bila viatu, nikachungulia kibandani. Rosette alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya mpini wa spana ndefu ya baba, mikono yake imeshika moteur, anaruka-ruka ili spana ishuke. Nati ya mbele ilizunguka kidogo. Kuelekea kushoto.

"Rosette! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Aligeuka na uso wa mtu anayesubiri kusifiwa. "Nakaza moteur, Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada au kaka mkubwa.

"Nani alikutuma?"

"Batu bote. Siku ya matanga ya mama. Bote walikuwa nasema: kanga moteur, kanga moteur. Na hakuna mutu alienda kukaza. Mimi nilikuwa nangojea uniambie, haukuniambia, nikafanya mwenyewe."

Niliingia, nikapiga magoti mbele yake. Motema, moteur. Mtoto alikuwa amesikia kile alichokuwa na sababu ya kukisikia. Nikamuuliza, polepole, kwa nini anazungusha upande ule. Akanionyesha mkono wake wa kushoto, ule uliokemewa na shangazi zetu, akautikisa mbele ya uso wangu kama mtu anayemweleza mjinga.

"Si papa alisema upande ya mukono ya kula? Mwanzo ilikuwa nguvu, Yaya, kiisha ilikubali."

Nilikuwa bado nimepiga magoti mbele yake, sijui kama nacheka au nalia, wakati mkokoteni uliposimama mlangoni. Tonton Achille alikuwa amekuja na wabebaji wawili na kamba. "Sitaki maneno mingi, Véro. Niliwaambia. Kitu hii inajifungua yenyewe, itaua mutu."

"Haijajifungua, tonton," nikasema. "Imefunguliwa." Nikamwambia Rosette arudie alichoniambia, na Rosette, mwenye hasira sasa kwa kuwa hakuna aliyemsifu, alirudia kila kitu, kanga moteur na mkono wa kula, mpaka mwisho. Mbebaji mmoja aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Tonton hakucheka. Aliketi juu ya gunia, akavua kofia.

"Na nati hizi zingine?" akauliza.

Nikampa spana. Kila kitu chetu kilikuwa kimebaki kwenye mistari ile. Tonton alizunguka mashine. Alianza na nati za nyuma, karibu na ukuta, ambako Rosette hakuweza kufika. Alisoma mstari kwanza, akaweka spana, akavuta kwa mwili wake wote. Haikusogea. Akaenda kwa iliyofuata. Nyingine ilikuwa na mstari wa mkono wa mama, mwembamba na ulionyooka. Nyingine mstari wangu, mnene wenye petroli. Hakuna hata moja iliyompa nafasi. Alipomaliza alikuwa na jasho, na wabebaji walikuwa wameketi juu ya mkokoteni wao wakila ndizi.

Alikaza mwenyewe zile mbili za mbele. Kisha akamwita Rosette, akashika kiganja chake cha kulia, akachovya brashi kwenye kichupa na kumpaka kidole gumba rangi nyekundu. "Upande ya hii," akamwambia. "Kula na ile unapenda. Lakini nati ni upande ya hii." Akaondoka na mkokoteni mtupu, akibishana na wabebaji kuhusu safari waliyoifanya bure. Tangu siku ile hakusema tena habari ya kutugawa, ingawa alikuja mara kwa mara kusalimia moteur, na kila alipokuja nilimpa spana.

Sasa Rosette anaishi ng'ambo, Makiso, ni mke wa mtu. Siku hizi upande ule mashine nyingi husaga kwa umeme wa bwawa la Tshopo, umeme unapokuwepo, na kijana anabonyeza tu na kukaa. Yangu bado inakunywa mazout na kutikisa sahani. Fabien ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Mwaka jana alianza kuzungumzia biashara ya mitumbwi ya injini kule Isangi, akizunguka-zunguka maneno, mpaka jioni moja akaweka kijiko chini: "Yaya, naomba nafasi niende." Kabla ya safari alinunua nati za kisasa, zenye pete ya plastiki ndani, ambazo ukizikaza mara moja unaweza kuzisahau, akabadilisha zote ili nisihangaike peke yangu. Ni nzuri, sina la kuzisema vibaya. Ila asubuhi mikono yangu haina nati ya kuuliza, na kwa simu siwezi kujua nani amelala vibaya, kama nilivyojua zamani tulipokaa weupe wa unga tukichekana. Wakati ule wakubwa walipanga mbele yetu nani aende wapi, sisi tumesimama ukutani kama magunia. Fabien aliniuliza. Nilimwambia aende, nikamsindikiza mpaka majini, nikasimama hadi mtumbwi ulipochukuliwa na mkondo. Niliporudi nilikuta wateja wamekwisha kupanga mabeseni mlangoni, nikashika ule mkono wa chuma, nikaiwasha moteur mwenyewe.