Kiti cha Chini pale Steji ya Shinyalu

Erastus Osundwa ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kakamega, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Milango yake imejaa mjini, ila kazi aliyoipenda kuliko zote hakuna aliyemtuma kuifanya. Ilikuwa shedi ya abiria pale steji ya magari ya Shinyalu. Nani aliijenga mwanzoni? Wengine husema ni kanisa, wengine husema ni mwanasiasa aliyekuwa akitafuta kura. Aliyeijenga aliiacha ioze, na Erastus ndiye aliyeiezeka mabati mapya na kuiwekea kiti kirefu cha chuma.

Kiti hicho kilikuwa cha chini kuliko kawaida, watu wakamcheka kwamba amekosea vipimo. Wapi! Alikipima kwa ajili ya Khalayi, mama mkwe wake, ambaye hushuka mjini kutibiwa magoti, kisha hungojea gari la kurudi pale pale. Kwa desturi yao, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Basi Erastus hakuwahi hata kumuuliza magoti yanaendeleaje. Akimwona kwa mbali ameketi, nyayo zimefika chini vizuri, aligeuza njia upesi huku moyo umemjaa furaha. Salamu zake zote zilikuwa katika kile kiti.

Mwaka huu wakuu wa mji wakaamua kumaliza ubishi wa nani mwenye shedi za abiria mjini. Kila moja ipate mwenyewe wa kuitunza: mji, ama watu wa steji, ama kampuni moja ya matangazo iliyokuwa ikizimezea mate zote. Watu wakaitwa ukumbini waseme. Osiako, kiongozi wa bodaboda pale steji, akamfuata Erastus karakanani.

"Mzee, wewe ndio utaongea. Sisi tunaketinga tu hapo, wewe ndio unatengenezanga. Ukisimama, hakuna mtu atabisha."

Erastus akakubali. Alijua kampuni ikiichukua shedi, kiti hakitabaki, kwa sababu mtu aliyeketi huziba tangazo.

Siku yenyewe alivaa koti lake la kanisani. Alipoingia ukumbini, ni nani yuko mstari wa mbele? Mama mkwe, mkongojo mapajani! Na kila msemaji alitakiwa kusimama mbele, awatazame watu. Erastus hakungoja. Alishusha kofia usoni, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaenda zake. Mtu mzima na ndevu zake, anamkimbia kikongwe.

"Shedi ya Shinyalu ni ya nani?" akauliza Chepkirui, aliyeongoza kikao.

"Mwenyewe alikuwa hapa, madam," Osiako akajibu. "Ametoka tu saa hii."

Ukumbi ukaangua kicheko. Osiako akajaribu kueleza, lakini alipoulizwa kama yeye amewahi kupigilia hata msumari mmoja pale, alikiri hajawahi, maana si mtu wa uongo. Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Erastus hakikuwa na mshindo wowote. Shedi ikaenda kwa kampuni.

Haukupita muda mrefu, shedi ikapakwa rangi inayong'aa na kubandikwa tangazo la simu ukuta mzima. Kiti kikakatwa, na mahali pake pakawekwa bomba la kuegemea.

Kisha Nekesa, mke wa Erastus, akaenda kumtazama mama yake. Aliporudi, hakuvua hata viatu.

"Baba Shantel, mama ameuliza ni nini ilikutoa kwa mkutano."

"Si alikuwa amekaa mbele? Ningesimama aje?"

"Alikaa mbele kwa sababu hasikiangi vizuri. Alisikia ni wewe utaongea. Alibeba leso, ukisimama tu ajifunike uso, wewe uongee. Amesema alijua toka zamani hicho kiti ulimtengenezea yeye. Alitaka asikie ukisema ni chako."

Erastus alikaa kitako pale pale mlangoni. Ilimuuma vibaya. Kumbe mama alikuwa ameshaitafutia adabu njia, na yeye hakungoja hata aone leso ikitolewa. Angeweza pia kusemea dirishani. Angeweza kuwapa mgongo watu wote, wacheke wakitaka. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake yote.

Alhamisi moja mvua ilimkuta Erastus kando ya barabara, ng'ambo ya steji. Khalayi alikuwa ndani ya shedi, amelikumbatia lile bomba kwa mikono miwili, magoti yanatetemeka, na gari halionekani. Erastus alitamani kuvuka amwambie pole, neno moja tu. Alisimama akilowa. Kisha akageuka, akapitia nyuma ya maduka, kama mkwe anavyotakiwa.