Chai ya Matanga

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Beechmont, mwanamume mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa anasoma riwaya ya Kiingereza ya zamani sana, juu ya mlevi aliyeangamiza nyumba yake. Rafiki yake alimchokoza: "Pasteri, Jumamosi tunaondoa matanga ya baba yako. Wazee watakunywa nini, kitabu?"

"Chai."

"Matanga bila pombe? Watakucheka."

Alifunga kitabu, kidole kikabaki ndani. "Mlevi wa humu aliuza kitanda cha mke wake. Mimi niliuza cha mama. Wacheke."

Rafiki akasema, "Bon, sawa. Iwe na maziwa."

Marehemu mume wangu aliuawa na pombe. Mungu anisamehe kiburi, nilimwonea fahari mtu nisiyemjua. Nikainama kwake: "Kaka, uniwekee na mimi kikombe."